Mtoto Achezapo Huwa Anajifunza: Chekechea za Bara la Mombasa

Saa sita za mchana, watoto wa chekechea wanapofunguliwa katika mitaa ya Likoni, Kisauni na Changamwe, wazazi wengi huwauliza watoto wao swali moja: "Leo umeandika nini?" Mtoto akitoa daftari lililojaa herufi moja kutoka juu hata chini, mzazi huridhika. Lakini akijibu, "Nimecheza mchanga, kisha tukafanya duka," uso wa mzazi hubadilika. Mama aliyeamka saa kumi za usiku kukanda unga wa mahamri, au baba afanyaye kibarua bandarini Kilindini, hakutoa fedha zake ili mtoto akacheze mchanga. Mchanga uko hata mlangoni pake, tena bure.

Swali hilo ni la haki, nalo lastahili kujibiwa kwa ukamilifu. Jibu lenyewe ni kwamba mtoto wa miaka minne aliyejichagulia kazi asubuhi, akaitenda kwa mikono yake, kisha akamweleza mwalimu jinsi alivyoitenda, amejifunza mengi kuliko mwenzake aliyenakili alama asizozielewa. Wala jibu hili si maneno ya vitabu vya Ulaya peke yake. Lilijaribiwa papa hapa Mombasa, kwa vifuu vya nazi na makombe ya pwani, tangu mwaka 1986.

Jambo hili lahusu bara kuliko kisiwa. Kwa hesabu ya watu ya mwaka 1999 na zile zilizofuata, mji umezidi kumwagika ng'ambo ya maji. Na katika hesabu ya mwaka 2019, Kisauni ilikuwa na watu 291,930, Likoni 250,358, na Changamwe 131,882. Jumla yao ni watu 674,170, ilhali kisiwani Mvita walihesabiwa watu 154,171 tu. Basi watoto wengi wa Mombasa waanzao masomo huyaanza kusini ya kivuko cha feri, au kaskazini ya daraja la Nyali, au ng'ambo ya Makupa. Na wengi wao huyaanza katika chumba kidogo cha kukodi, chenye mwalimu mmoja na watoto wengi.

MTOTO HAJI MIKONO MITUPU

Kosa la kwanza la watu wazima ni kudhani kwamba mtoto aingiapo chekechea ni kama mtungi mtupu ungojao kujazwa. Na atazamwe mtoto wa miaka mitatu wa Mtongwe au wa Magongo jinsi asemavyo. Husema "kiti kimevunjika," wala hasemi "kiti umevunjika." Husema "maji yamemwagika" na "mlango umefungwa." Hakuna aliyemfundisha ngeli za Kiswahili; mamaye mwenyewe labda hajui kwamba ngeli zina jina. Mtoto amesikia, amejaribu, amekosea, amejisahihisha, mpaka amepata. Na kama nyumbani kwao husemwa Kigiriama, Kidigo, Kitaita au Kikamba, basi huyo ana lugha mbili kabla hajatimiza miaka mitano, nazo amezipata bila ya daftari wala kiboko.

Akili iliyofanya kazi kubwa namna hiyo hailali siku mtoto avaapo sare. Huendelea vile vile: huona, hushika, hujaribu, huuliza. Chekechea njema ni ile iipayo akili hiyo vitu vya kufanyia kazi. Chekechea mbaya huikalisha kitako juu ya benchi na kuiamuru inyamaze.

Mfano wa mchanga watosha. Mtoto amepewa kifuu kikubwa na kifuu kidogo. Hujaza kidogo, humimina katika kikubwa. Hujaza tena, humimina tena. Mara ya tatu mchanga humwagika nje. Hapo husimama na kutazama. Mwalimu hamwambii kitu kwanza. Kisha humwuliza, "Vidogo vingapi vimejaza kikubwa?" Mtoto huanza upya, safari hii akihesabu. Huyo amekutana na kipimo, na kuzidi na kupungua, na sababu ya kuhesabu. Miaka miwili baadaye atakapoambiwa darasani kwamba mbili na mbili ni nne, maneno hayo yatakuwa na mahali pa kukaa. Mwenzake aliyeimba "moja, mbili, tatu" hata ishirini pasipo kugusa kitu ana wimbo mzuri, lakini akiambiwa alete vijiko vitano huleta konzi ya vijiko.

JINSI ASUBUHI INAVYOKWENDA

Katika skuli zifuatazo mtindo huu, chumba hugawanywa pembe pembe. Pembe moja ni nyumbani: pana ungo, mwiko, upawa, kifumbu, leso mbili tatu, na mafiga ya mawe. Pembe nyingine ni duka, lenye makopo matupu na mizani ya ubao. Pengine pana vipande vya mbao vilivyookotwa kwa seremala, pengine pana vitabu na picha, na pengine pana mbegu za ubuyu, kokwa za maembe, makombe, simbi na vifuniko vya chupa vya kupangwa na kuhesabiwa. Kila kitu kimewekwa chini, mahali mkono wa mtoto ufikapo, na kila kitu kina mahali pake. Hili si jambo dogo. Kitu kilichowekwa juu ya kabati ni mali ya mwalimu; kilicho chini ni cha mtoto kukitwaa na kukirudisha.

Baada ya salamu na dua, watoto hukaa duara, na kila mmoja huulizwa atafanya kazi gani. Mmoja husema atajenga feri. Mwingine atapika wali. Wa tatu hanena, huonyesha kwa kidole tu, na mwalimu humsaidia kupata maneno. Kisha huenda kazini. Kazi ikiisha, wote hufagia na kupanga vitu, halafu hurudi duarani na kila mtu hueleza alilolifanya. Yule wa feri labda atasema kwamba feri yake ilizama kwa sababu magari yote yalikuwa upande mmoja. Ni sentensi ndefu hiyo kwa mtoto wa miaka minne, nayo ina "kwa sababu" ndani yake.

Kupanga, kutenda na kueleza: hayo matatu ndiyo mti wa kati wa mafunzo haya. Mtoto hujifunza kwamba neno alilolisema asubuhi ni ahadi, na kwamba akianza jambo yafaa alimalize au ajue kwa nini limemshinda. Huko ndiko kujitegemea kunakosemwa. Hakuanzi ukubwani mtu atafutapo kazi; huanza pale mtoto anapojivalisha kiatu mwenyewe, hata akikivaa upande usio wake, na mtu mzima akajizuia asimpokonye.

Wako wadhanio kwamba mwalimu wa namna hii hana kazi, amewaachia watoto uwanja akaketi zake. Sivyo kabisa. Kusimama mbele ya watoto arobaini na kuwaambia "semeni nyote: a!" ni rahisi kuliko kuzunguka miongoni mwao, kujua yupi ameanza kuhesabu kwa maana na yupi bado, yupi ashindwa kushika kalamu kwa kuwa vidole vyake havijapata nguvu, na yupi hukaa peke yake kila siku. Tena uhuru wa mtoto una mipaka yake. Hachagui kupiga wenziwe, wala hachagui kuacha vitu vimetapakaa. Huchagua kazi, adabu haichaguliwi.

HABARI YA MWAKA 1986

Pwani imekuwa na chuo cha Qur'ani kwa karne nyingi. Humo watoto wamefundishwa kusoma, kuhifadhi na kumheshimu mwalimu tangu zamani, kabla ya skuli yoyote ya Serikali kujengwa. Lakini skuli za kizungu zilipokuja, wazazi wengi Waislamu walikuwa na wasiwasi nazo, wakihofu watoto wao wasije wakapotea dini. Matokeo yake yalionekana baadaye: watoto wengi wa pwani walifika darasa la kwanza bila ya kupitia chekechea, wakaachwa nyuma na wenzao, na wengine wakakata tamaa wakaacha masomo. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viongozi wa Waislamu wa pwani walimpelekea shida hiyo Aga Khan wa Nne, aliyefariki mwaka 2025, wakaomba msaada wake.

Baada ya uchunguzi, Wakfu wa Aga Khan ulimtegemea mwalimu wa Mombasa, Bi. Swafiya Said, kuianza kazi. Mwaka 1986 skuli ya majaribio ilianza. Jambo lililobuniwa halikuwa kukifuta chuo, wala kuleta skuli ya kigeni na kuibandika jina la Kiislamu. Mafunzo ya dini, nyimbo na hadithi za Kiswahili, na michezo ya kujifunzia viliwekwa pamoja katika asubuhi moja. Mtoto aliyehesabu makombe alijifunza pia kusema bismillahi kabla ya kula, na mzazi hakulazimika tena kuchagua baina ya dini ya mwanawe na elimu yake.

Ila lililo kubwa zaidi ni namna skuli zenyewe zilivyoanzishwa. Wakfu haukujenga skuli ukaikabidhi kwa watu. Jumuiya iliyotaka skuli ilifanya mapatano ya maandishi: watu wake watoe mahali, wachague kamati, na wachague wanawake wa mtaani mwao wa kufundishwa ualimu. Kituo nacho kiliahidi kuwafundisha walimu hao na kuwatembelea darasani muda wa miaka miwili hivi, mpaka skuli ipate kusimama. Wengi wa wanawake hao hawakuwa na masomo makubwa. Walijifunza kazi kwa kuitenda, kama watoto wao. Nao walijifunza kutengeneza vifaa vyao kwa vitu vya pwani visivyo na bei. Mwanamke ambaye jana alijulikana kama mama fulani tu, leo aliitwa mwalimu na wazee wa mtaa.

Kazi hiyo ilivuka mpaka ikafika Zanzibar mwaka 1990 na Uganda mwaka 1993, na kabla ya mwaka 2010 skuli zake zilikuwa zaidi ya 200 katika nchi hizo tatu. Je, zilifaa? Wataalamu Peter Mwaura, Kathy Sylva na Lars-Erik Malmberg waliwapima watoto zaidi ya 400 wa Kenya, Zanzibar na Uganda, wakawapima tena baada ya muda, na matokeo yakachapishwa mwaka 2008. Watoto waliohudhuria chekechea ya namna yoyote waliendelea mbele kuliko waliobaki nyumbani, na wale wa skuli za mtindo huu waliendelea zaidi ya wale wa chekechea nyingine. Maana yake ni kwamba hata chekechea ya kawaida ina faida, wala mzazi asiidharau. Lakini vile mtoto afundishwavyo hubadili faida hiyo.

Mtindo wa kupanga, kutenda na kueleza una jamaa zake ng'ambo. Mwaka 1907, tarehe 6 Januari, daktari mwanamke Maria Montessori alifungua nyumba ya watoto katika mtaa wa San Lorenzo, mjini Rome. Mtaa ule ulikuwa wa vibarua na maskini. Wazazi walikwenda kazini, na watoto walibaki wakizurura ngazini. Mtu wa Chaani au wa Bofu hana haja ya kuelezwa zaidi. Montessori aliwapa watoto wale vitu vya kushika na uhuru wa kuchagua, akastaajabu kuona wakishughulika kwa utulivu muda mrefu. Na huko Ypsilanti, Marekani, mwaka 1962 ilianzwa skuli ya watoto wa maskini weusi. Watoto 123 walifuatwa, 58 waliopata skuli ile na 65 ambao hawakuipata, hata wakafika umri wa miaka 40. Waliosoma pale walimaliza masomo kwa wingi zaidi, walipata mishahara mizuri zaidi, na walikamatwa na polisi mara chache zaidi.

YANAYOZUIA

Kama mambo ni hayo, mbona daftari la herufi moja bado latawala?

Sababu ya kwanza ni hofu. Kwa miaka mingi skuli za msingi nyingi ziliwapa watoto mtihani kabla ya kuwapokea darasa la kwanza, na mtoto asiyejua kuandika jina lake alirudishwa. Serikali imekataza mitihani hiyo, lakini hofu yake haijatoka katika vifua vya wazazi. Mwenye chekechea binafsi wa Kisauni ajua kwamba jirani yake hutoa kazi ya nyumbani kila jioni. Akiacha yeye, watoto watahamishwa. Basi huandikisha, hata kama moyoni ajua kwamba kidole cha mtoto wa miaka mitatu hakijawa tayari kwa kalamu.

Sababu ya pili ni lugha. Mtaala wa mwaka 2017 waagiza kwamba watoto wa chekechea wafundishwe kwa lugha ya mahali pale walipo, na katika miji ya pwani lugha hiyo ni Kiswahili. Lakini wazazi wengi hutaka Kiingereza tangu siku ya kwanza. Kiingereza ni mali, hakuna abishaye. Hata hivyo mtoto hawezi kupanga na kueleza kazi yake kwa lugha asiyokuwa nayo. Akilazimishwa atasema maneno matatu aliyoyakariri, na ile habari ya feri iliyozama itabaki tumboni mwake.

Ya tatu ni fedha. Katiba ya mwaka 2010 iliweka elimu ya chekechea mikononi mwa serikali za kaunti, na kaunti ya Mombasa ina chekechea zake. Lakini watoto wengi wa bara wako katika skuli za watu binafsi, za misikiti na za makanisa, zitegemeazo karo ya wazazi. Karo ikichelewa, mshahara wa mwalimu huchelewa. Mwalimu aliyefundishwa vema akipata kazi yenye mshahara bora mahali pengine huondoka, na ujuzi wote huondoka naye. Watu wa Madrasa walilijua jambo hili mapema, wakaziwekea jumuiya zilizofuzu fungu la akiba la kuzisaidia. Hata hivyo mwalimu wa chekechea ni miongoni mwa watu walipwao kidogo mno katika mji. Ni ajabu kwamba watu hutoa fedha nyingi zaidi kwa mwalimu wa mtoto mkubwa, aliyekwisha kunyooka au kupinda, na senti chache kwa yule amshikaye angali laini.

Na nafasi ni haba. Nyumba nyingi za kupanga katika Mishomoroni au Mikindani hazina ua, na mchezo wahitaji mahali. Walimu wengine wamepata njia: huwagawa watoto makundi mawili, moja huwa ndani penye vifaa, jingine huwa nje chini ya mwembe au kibarazani likiimba, likitegeana vitendawili, likicheza kibe. Mwembe mmoja wenye kivuli una thamani kuliko televisheni iliyowekwa ukutani, ambayo sasa huonekana katika chekechea nyingi.

NYUMBANI NA SKULINI

Mzazi asiye na fedha za kuongeza ana mengi ya kutoa. Mtoto aitwe jikoni achambue mchele, atenganishe vitunguu vikubwa na vidogo, akunje leso ncha kwa ncha. Atumwe duka la jirani kwa kitu kimoja, kisha vitu viwili, arudi na chenji na kueleza. Ahadithiwe hadithi jioni, na mara nyingine aachwe asimulie yeye, hata kama sungura wake atakufa mwanzoni na kufufuka mwishoni. Jambo ambalo mtoto aweza kulifanya kwa dakika kumi, mama asilifanye kwa dakika moja kwa ajili ya haraka, isipokuwa kweli haraka ipo. Na asubuhi ya kuwahi feri, haraka huwapo.

Na lile swali la saa sita laweza kugeuzwa kidogo. Badala ya "Leo umeandika nini?" mzazi aweza kuuliza, "Leo ulichagua kazi gani, nayo ilikwendaje?" Mtoto asiye na la kujibu siku baada ya siku huenda yuko mahali ambapo hachagui kitu.

Mwaka wa masomo nchini Kenya huanza mwezi wa Januari, na wazazi wengi hutafuta chekechea mwezi wa Desemba, wakati milango imefungwa na kinachoonekana ni rangi ya ukuta na bei ya sare. Yafaa kwenda mapema, kabla muhula wa tatu haujaisha, na kuomba ruhusa ya kuketi nyuma ya chumba asubuhi moja. Hapo mtu hutazama mambo machache: kama vitu viko chini au juu ya kabati, kama vumbi limevikalia, kama watoto huongea au huongea mwalimu peke yake, kama mwalimu huinama kumsikiliza mtoto au humsikiliza akiwa amesimama, na kama mtoto aliyemwaga maji hupigiwa kelele au hupewa tambara ayapanguse.